Depo Ikijaa, Nyasi Imekwisha Kukauka

Mwezi wa sita huku Rurambo ni mwezi wa furaha. Maharagwe ya sezoni B yanarudi nyumbani, mahindi yananing'inia juu ya moshi, depo inajaa. Lakini ndio mwezi ule ule mvua inakatika. Tangu hapo mpaka mwezi wa tisa nyasi ya mlima inakuwa kama karatasi, na usiku tunaona mistari ya moto ikipanda ng'ambo ya bonde. Tumezoea kuitazama tu. Kumbe mbegu yote ya sezoni A, ile tutakayopanda mvua ikirudi, imelala katika nyumba moja, na mara nyingi nyumba hiyo ina paa la nyasi.

Wazo letu ni hili: moto uingie katika kazi za koperative, kama vile kupanda na kupima maharagwe. Usibaki neno la kusema siku ya kilio. Hakuna gari la zimamoto litakalopanda milima hii. Atakayezima ni jirani, na atazima kwa jembe na matawi mabichi.

Tuanze na esanse, kwa maana hapo hatari ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Sote tunakumbuka Sange, huku chini kwenye tambarare ya Ruzizi. Tarehe 2 mwezi wa saba 2010, lori lililobeba mafuta lilipinduka pale, kwenye barabara ya Bukavu na Uvira. Ilikuwa jioni ya Kombe la Dunia, na watu walikuwa wamejaa vibandani wakitazama mpira. Mafuta yakamwagika, wengine wakaja na bidoni kuchota, kiisha moto ukalipuka. Watu zaidi ya 200 walikufa, wengi wakazikwa katika makaburi ya pamoja. Mpaka leo unasikia mtu akisema walikufa juu ya tamaa. Sisi hatupendi maneno hayo. Wengi walikuwa wamekaa tu, na watoto walikuwa nyumbani kwao. Kitu ambacho watu hawakijui ni kwamba mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Hauruki juu kama moshi. Unatambaa chini chini, unaingia mlangoni, unashuka kwenye mtelemko mpaka ukute jiko au sigara ya mtu aliye mbali. Petroli ya taa inahitaji kupashwa joto kidogo ndipo mvuke wake ushike moto. Esanse haingoji, hata asubuhi ya baridi ya huku juu.

Sasa tuangalie depo zetu. Bidoni ya esanse ya mashini ya kusaga, tena iliyofunikwa na kitambaa, iko kando ya magunia ya mbegu, juu ya kuogopa wezi. Mmotari anapitia pale kujaza tanki, usiku mtu anaingia na buji. Tunasema wazi: mahali pa bidoni hiyo si depo. Ijengewe kibanda chake kidogo, chini ya depo kwa mtelemko wala si juu yake, mbali na majiko, na kifuniko chake kikaze. Ikishika moto, mtu asimwage maji, maana esanse inaelea juu ya maji na kukimbia nayo. Mchanga au udongo mkavu ndio unaofaa. Ndoo mbili zikae pale siku zote, na watoto wasizichezee.

Moto wa pori una tabia yake, na huku kwetu mlima ndio unaoutawala. Wazimamoto wa Australia wana kipimo wanachokitumia: kila mtelemko ukiongezeka digrii 10, moto unaopanda unazidisha mbio zake mara mbili. Mlima wa digrii 20, na tunalima hata penye zaidi ya hapo, moto unapanda mara nne kuliko kwenye tambarare. Mchana tena upepo unapanda kutoka ziwani na Ruzizi, unausukuma. Kwa hiyo mtu anayewasha chini ya mlima saa nane mchana ili asafishe kashamba kake hawezi kuushika tena, hata akiwa na vijana kumi.

Viongozi wamezoea kujibu kwa kukataza. Na sisi maagronomu tungependa majani yale yarudi udongoni badala ya kwenda na moshi. Mlima uliochomwa mwezi wa nane unangoja mvua ya kwanza ukiwa uchi, na udongo wake unashuka Ruzizi. Lakini katazo peke yake tunaliona halifai. Mfugaji anatafuta nyasi mpya kwa ng'ombe wake, mkulima hana mikono ya kufyeka kote. Ukimkataza atawasha usiku na kukimbia, na moto usio na mwenyewe ndio mbaya kuliko yote. Afadhali kuchoma kwa mapatano: komite, kapita na wafugaji wakae pamoja kabla kiangazi hakijakomaa, waseme ni upande gani utachomwa na siku gani. Ichomwe mapema, nyasi ingali nusu mbichi, asubuhi umande haujakauka, kuanzia juu ili moto ushuke polepole, na watu wasimame hapo mpaka moshi uishe. Anayewasha nje ya siku hiyo, koperative ijue la kumtendea.

Kuzunguka depo, tufyeke hatua kumi. Ila kwenye mtelemko tusiache udongo wazi: tupande viazi vitamu, ambavyo majani yake yanabaki mabichi muda mrefu wa kiangazi na watoto wanapata mboga. Migomba pia ni mizuri, mradi majani yake makavu yakatwe. Paa la manjanja ni bora kuliko nyasi, tunajua bei yake, kwa hiyo mwenye faranga chache aanze na depo ya mbegu kabla ya ofisi ya prezida.

Tunajua pia kwamba nyumba nyingi za milima hii zimechomwa na watu, wala si na kiangazi. Viazi vitamu havizuii moto wa namna hiyo. Lakini mbegu ikigawanywa sehemu mbili au tatu, katika nyumba zilizo mbali mbali, inasaidia kwa moto wowote.

Mkutano wa mavuno unakaribia. Kabla ya mizani kutolewa, komite iulize mambo matatu: bidoni italala wapi, nani atafyeka, na nusu ya pili ya mbegu itawekwa kwa nani.