Saa ya Plastiki: Moyo Mzima, Mkanda Mkuukuu

Wazungumzaji wa Kiswahili husema kuwa saa imesimama, imechakaa, imeharibika au imekufa. Kauli hizi hazina maana moja. Saa iliyosimama yaweza kuamshwa, iliyochakaa yaweza kukarabatiwa, na iliyoharibika yaweza kupelekwa kwa fundi, iliyokufa hutupwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba saa ya plastiki ya bei nafuu hutangaziwa kifo upesi kuliko saa nyingine yoyote, na aghalabu huzikwa ingali hai. Makala haya yanashikilia kuwa hukumu hiyo ni ya haraka, na kwamba gharama yake haimwishii mnunuzi peke yake.

Mfano bora ni Casio F-91W, saa iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1989 na ambayo ingali madukani hadi leo. Ndani yake hamna magurudumu yenye meno wala springi ya kujazwa kila asubuhi. Kinachoiongoza ni kipande kidogo cha fuwele ya kwatsi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, pamoja na sakiti inayohesabu mitetemo hiyo. Pasipo vyuma vinavyosuguana, ni machache yanayoweza kulika. Betri yake hukadiriwa kudumu takriban miaka 7, na inapokwisha, fundi hufungua skrubu 4 za kifuniko cha nyuma akatia nyingine.

Basi uchakavu huanzia wapi? Huanzia nje, na hasa kwenye mkanda. Kila siku mkanda hukunjwa na kukunjuliwa mahali pale pale, kwenye tundu lile lile ambalo mvaaji amelizoea. Ufa mwembamba huzuka kando ya tundu hilo, ukaongezeka taratibu hadi siku mkanda unapokatika. Isitoshe, plastiki laini ya jamii ya poliurethani, itumiwayo sana katika mikanda ya namna hii, ina adui wa siri: unyevu. Jasho na mvuke wa hewa huvunja minyororo ya molekuli zake polepole, nao mwanga wa jua huongezea madhara. Ndiyo maana hata saa iliyofichwa kwenye saraka kwa miaka mingi yaweza kutolewa ikiwa na mkanda mkavu unaomeguka kama kaukau.

Sehemu nyingine hufuata. Vijiti vya chuma vinavyoushika mkanda huingiwa na kutu kwa chumvi ya jasho. Kioo, ambacho kwa hakika ni plastiki angavu, hujaa mikwaruzo. Pete ya mpira iliyo chini ya kifuniko hukauka, ikapoteza uwezo wa kuzuia maji. Hapo ukungu huonekana ndani ya kioo. Hili la mwisho ndilo la hatari, kwa kuwa maji yakifika kwenye sakiti, saa hufa kifo cha kweli. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Pete ya mpira ni kitu kidogo mno, lakini kupuuzwa kwake huiangamiza saa nzima.

Wapo watakaopinga kwamba mkanda mpya, ukijumlishwa na ujira wa fundi, hukaribia bei ya saa mpya, hivyo kukarabati ni kujitia hasara. Hoja hii ina uzito kwa mtu anayehesabu shilingi zilizo mfukoni. Hata hivyo, hesabu hiyo haijakamilika. Haitaji plastiki isiyooza inayoachwa jaani, wala betri inayotupwa pamoja na maganda ya ndizi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 ikamtwika mzalishaji wajibu juu ya bidhaa yake hata baada ya kutumika. Roho ya sheria hiyo haiafikiani na duka linalouza saa kwa mamia bila kuweka hata mkanda mmoja wa akiba.

Yafaa basi wauzaji waweke mikanda, vijiti na pete za mpira kando ya saa zenyewe. Yafaa fundi anapobadilisha betri aikague pete ya mpira pia. Naye mvaaji aifute saa yake jasho, aisuuze kwa maji safi atokapo baharini, na asiiache juani bila sababu.

Zaidi ya yote, yafaa ulimi uwe mwangalifu. Anayesema saa imekufa amekwisha kuitupa. Anayesema mkanda umechakaa huanza kutafuta mkanda. Kiswahili kimempa mzungumzaji maneno yote mawili. Kabla ya kutamka lile la kwanza, na aitazame saa yake: huenda tarakimu zingali zinahesabu sekunde.