Kigae na Ukuta Mgonjwa



Juma hili twapenda kutafakari pamoja nanyi jambo la nyumbani kabisa: ukuta wa mozaiki, yaani ukuta unaopambwa kwa vipande vya vigae na vyombo vilivyovunjika. Familia kadhaa zimetuuliza juu yake tangu zilipouona jikoni mwa nyumba ya mapadre. Rai yetu ni hii: kazi hiyo ni njema, tena haidai fedha nyingi, lakini asiifanye mtu kwa nia ya kuficha ubovu wa ukuta wake.

Lugha yetu yenyewe yatufundisha. Kigae, kwa asili, ni kipande cha chungu kilichovunjika. Ndicho alichojikunia Ayubu alipoketi majivuni. Leo neno hilohilo twaliita pambo tunalonunua dukani. Kilichotupwa na kinachopendeza vimekuwa na jina moja! Huko Chartres, Ufaransa, aliishi Raymond Isidore (1900–1964), mfagiaji wa makaburini, aliyeokota vipande vya sahani na vioo akapamba navyo nyumba yake yote, kuta, samani, hata jiko. Majirani walimcheka na kumbandika jina la utani, Picassiette, lenye kugusia udoezi. Leo nyumba hiyo inahifadhiwa na kutembelewa na wageni.

Nasi tulitaka kufanya vivyo hivyo. Mwaka jana vijana waliomba masalia ya vigae kwa wajenzi. Mpishi wetu naye alileta kisahani cha marehemu mama yake, kilichokuwa kimepasuka vipande vitatu, akaomba kiwekwe karibu na dirisha. Fundi mmoja mzee aliugonga ukuta kwa vidole, akasikiliza, akasema, "Baba, huu una maji ndani, na lipu imeachana na tofali." Tulimsikia, lakini sikukuu ya somo wa parokia ilikuwa karibu, na wageni walikuwa wanakuja. Tukaamuru kazi iendelee juu ya rangi ya zamani.

Sikukuu ilipita kwa sifa nyingi. Baada ya miezi miwili, usiku, tulisikia kishindo. Asubuhi tulimkuta mpishi amepiga magoti sakafuni akiokota. Kisahani cha mama yake hakikuwa tena vipande vitatu. Hakutulaumu kwa neno hata moja, na kimya chake kilituuma kuliko lawama. Tulimwomba radhi. Kosa halikuwa la gundi wala la vijana; lilikuwa la haraka yetu na la kupenda kuonekana.

Kwa hiyo, anayetaka kuanza na aanze na ukuta. Bomba linalovuja litengenezwe kwanza. Lipu iliyoachana ibomolewe, ipigwe upya na kuachwa ikauke barabara. Rangi na chokaa vikwanguliwe. Ndipo vipande vivunjwe, vikiwa vimefungwa ndani ya gunia, na anayegonga avae miwani ya kazi. Watoto wapange rangi, wasishike ncha kali. Vipangwe kwanza chini ili sura ionekane kabla ya gundi. Gundi ya vigae ipakwe eneo dogo dogo, isije ikakauka kabla ya kupachika, na kati ya kipande na kipande ibaki nafasi ya milimita 2 hadi 4. Baada ya siku nzima au zaidi, mianya ijazwe saruji laini ya vigae, na uso upanguswe kwa sponji yenye unyevu kabla saruji haijawa ngumu.

Twaongeza neno moja. Wapo wanaonunua sahani nzima ili wazivunje wapate rangi waitakayo. Kila mtu ana uhuru na mali yake, lakini sisi hatuoni uzuri wake. Chombo kizima kina kazi mezani. Mozaiki ni heshima kwa kile ambacho hakiwezi tena kurudi mezani.

Ukuta wetu sasa umerudiwa, na safari hii tulimtii yule mzee. Tulingoja majuma matano ukauke. Sehemu ya kisahani ilikuwa imekuwa unga, haikupatikana tena. Iliyobaki iko karibu na dirisha, na mpishi aliipachika kwa mkono wake mwenyewe.

Ndugu wapendwa, ni mara ngapi twapamba juu ya unyevu? Twafanya sherehe kubwa katika nyumba ambamo watu hawasemezani. Twapaka rangi mahali panapohitaji kubomolewa. Je, tukigongwa leo kwa vidole, tutatoa sauti gani? Tusimkasirikie anayegonga.

Tunawatakieni juma jema. Amani ya Kristo ikae nanyi.