Jicho la Nyuma ya Trela

Nchini Marekani zipo familia zisafirizo na nyumba zao: trela kubwa ambayo shingo yake hufungwa nyuma ya pikapu, juu ya ekseli. Aivutaye, kioo cha ndani humwonyesha ukuta wa trela tu.

Ndipo wengi hufunga kamera kwa nje: moja juu nyuma, na nyingine ubavuni. Umeme huchukuliwa kwenye taa za trela, na kila tundu huzibwa barabara, kwani maji yakipenya huozesha ukuta.

Sheria ya huko iliyoleta kamera za nyuma katika magari madogo mapya yote, tangu Mei 2018, ina jina la mtoto wa miaka 2 aliyefariki mwaka 2002, babake mzazi akirudisha gari nyuma nyumbani kwao. Hakumwona. Trela hazimo katika sharti hilo.

Nasi wenye magari uani tuzingatie: kamera hushika vumbi, wala haimwiti mtoto. Kabla ya kurudi nyuma, mtu mzima na ashuke, awahesabu watoto, asimame dereva amwonapo. Mtoto ni amana, haachiwi kioo.