DAMU KATIKA ZEGE
Usalama wa mjenzi huanzia kwenye ramani



Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine likaporomoka Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20. Na mara nyingine, mbali na magazeti, kibarua huanguka jukwaani akazikwa kimyakimya. Kila mara twasikia maneno yale yale: "Ni mapenzi ya Mungu."

Maneno hayo si imani. Ni kumsingizia Mungu ili mwenye hatia apumzike. Walipokufa watu 18 chini ya mnara wa Siloamu, Bwana wetu alikataa kuwahesabu marehemu hao kuwa wakosefu kuliko wengine (Lk 13:4). Nayo Torati inamwagiza kila ajengaye nyumba azungushe ukingo darini, ili damu ya mtu atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yake (Kum 22:8). Tazameni amri hiyo inamwelekea nani. Haimwelekei yule apitaye darini, kwamba ajihadhari. Inamwelekea mwenye nyumba, tena wakati wa kujenga.

Sisi tumeigeuza amri hiyo kichwa chini. Fundi akianguka, swali la kwanza ni: "Alivaa kofia ngumu? Alikuwa amelewa?" Hatuulizi nani alichora paa lisilo na mahali pa kufunga mkanda, wala nani aliamua kuokoa fedha kwa kupunguza mirunda ya jukwaa. Wataalamu wa usalama kazini wanafundisha kwamba kwanza hatari yenyewe iondolewe; isipowezekana, izuiwe kwa kizuizi; kofia na mkanda ni kinga ya mwisho. Katika nchi zinazotunza takwimu vizuri, kama Uingereza na Marekani, kuanguka kutoka juu ndiko kunakoua wajenzi wengi zaidi. Kwa hiyo mchoraji mwenye dhamiri hupanga kenchi ziunganishwe chini kabla ya kupandishwa. Hupanga ngazi za zege zijengwe mapema, ili wabeba ndoo wasipande ngazi za miti. Ukuta wa ukingo huuchora mrefu vya kutosha kumzuia mtu.

Haya si mageni. Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unawataka wanaosanifu na kupanga ujenzi wazingatie usalama wa wajenzi. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 1994, iliwabebesha wajibu huo mwenye mradi na msanifu, si mkandarasi peke yake. Hapa kwetu tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Sheria isiyokaguliwa ni karatasi tu.

Siku hizi inaletwa dawa nyingine: simu. Zipo programu za kumkumbusha kibarua anywe maji, na vifaa vya kupima mapigo ya moyo na joto la mwili. Sivikatai. Lakini kila kifaa kipimwe kwa maswali matatu. Je, kimepunguza majeruhi na vifo, au kimeongeza ripoti tu? Je, kibarua mwenye simu ya tochi anafikiwa? Je, habari za afya yake zinamlinda, au ndizo zitakazomfukuzisha kazi akionekana mgonjwa? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilionya kwamba teknolojia hizi hazichukui nafasi ya huduma za afya zilizo hai. Nasi tuseme vivyo hivyo: ujumbe wa simu haumdaki mtu anayeanguka.

Sasa tujitazame wenyewe, kwani Mtume Petro anafundisha kwamba hukumu huanzia nyumbani mwa Mungu (1 Pet 4:17). Tunajenga makanisa, shule na zahanati kwa vibarua wa siku, wasioandikwa majina, juu ya majukwaa yaliyofungwa kwa kamba chakavu. Mtanijibu: "Parokia ni maskini." Ni kweli. Lakini umaskini wetu usilipwe kwa mgongo wa aliye maskini kuliko sisi. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, alihesabu mazingira ya kazi yasiyodhuru afya kuwa haki ya mfanyakazi. Haki haingoji harambee ifanikiwe.

Basi kamati ya ujenzi ya kila parokia na kigango isipitishe ramani kabla ya kumwuliza mchoraji: mtu atajengaje hapa bila kuanguka? Gharama ya jukwaa na kingo iandikwe katika makisio, isipunguzwe. Kila kibarua aandikwe jina na ndugu zake wajulikane, kwa maana asiyeandikwa hudai fidia kwa shida. Na fundi anayekataa kupanda jukwaa bovu asifukuzwe, bali ashukuriwe.

Nyumba iliyojengwa kwa kudharau uhai wa mjenzi, hata tukiinyunyizia maji ya baraka, damu yake ingali inalia ukutani.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya
1. Katika ujenzi unaoendelea kigangoni petu, ni mahali gani mtu anaweza kuanguka?
2. Nani mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi hiyo leo?
3. Mjenzi akiumia, familia yake italishwa na nani?