Mali Bila Daftari: Wachoraji Wetu na Soko la London

Mimi si mchoraji wala mfanyabiashara. Ni muuguzi katika hospitali moja hapa London, na brashi sijashika tangu shule ya msingi. Lakini nina deni la mchoraji mmoja wa Dar es Salaam ambalo limenikosesha usingizi, na kwa kuwa najua wengi wetu tunaobeba boksi huku tuna madeni ya namna hiyo bila kuyaita madeni, naomba tuzungumze kwa uwazi.

Mambo yalianza kwa nia njema, kama kawaida yetu. Nilipokwenda likizo nilinunua picha mbili kwa huyo kijana. Wenzangu wa wodini wakazipenda, nikamwambia anitumie nyingine sita nimuuzie. Akaziwekea fremu na vioo, maana alisikia Wazungu wanapenda hivyo, akazifunga na kuzipeleka kwa wasafirishaji. Kwenye fomu akaandika neno moja tu: mapambo. Bei alikisia, risiti hakuna, barua hakuna. Mzigo ulipofika nikadaiwa VAT ya asilimia 20 na juu yake ada ya kushughulikia mzigo. Kioo kimoja kilikuwa kimevunjika na kuchana picha. Picha moja nilimuuzia dada wa wodini. Nne zilizobaki nikazipeleka kwenye mgahawa mmoja ambao mwenyewe alisema akiuza atachukua theluthi. Tulikubaliana kwa mdomo, tukicheka na kunywa kahawa. Baada ya miezi kadhaa mgahawa ukafungwa, simu ikawa haipokelewi, na zile picha nne sijui ziko wapi mpaka leo.

Nilipompigia kijana kumweleza, hakufoka. Alisema tu, "Sawa dada, Mungu atajalia." Hapo ndipo nilipoumia, maana nilielewa kwamba si mara ya kwanza kuambiwa habari kama hiyo na mtu wa Ulaya.

Sasa tujiulize, aliyempunja nani? Wepesi wetu ni kusema Wazungu wanatuibia, na sikatai kwamba historia ipo. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, picha zikiuzwa nje ya Morogoro Stores pale Oysterbay. Aliwahi pia kuajiriwa Muhimbili, kwa hiyo sisi watu wa hospitali tunamhesabu wetu kidogo. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mtu mwingine. Miaka minne tu ya kuchora! Wafuasi wake walikuja kupata chama cha ushirika mwaka 1990, na mwaka 2010 BBC ikaanza kuwaonyesha watoto katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi kwa mtindo huo. Watoto wa wenzangu kazini wanalijua jina hilo. Hawajui kuwa ni jina la mtu.

Hata hivyo, tukisema London imefunga mlango tutakuwa tunadanganyana. Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar, alishinda Turner Prize mwaka 2017. Mwaka 2021 Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, alipofanya maonyesho yake Royal Academy aliwatengea nafasi wakubwa zake wa Afrika Mashariki: Elimo Njau wa Marangu, Theresa Musoke, Jak Katarikawe, Sane Wadu na wengine. Na tangu 2013, kila Oktoba, kuna soko la sanaa za Kiafrika liitwalo 1-54 pale Somerset House. Ila mule vibanda ni vya majumba ya sanaa. Mchoraji mmoja mmoja hapangi meza yake kama tunavyopanga vitenge. Anahitaji mtu wa kumwakilisha, na mtu huyo, kwa wengi walioko nyumbani, ni shangazi yake mwenye shifti za usiku huku. Ndiyo sisi. Kwa hiyo tujue kazi tunayoifanya.

Tuanze na forodha, maana hapo ndipo nilipolipa ada ya ujinga. Katika orodha ya ushuru ya Uingereza, picha iliyochorwa yote kwa mkono imo katika sura ya 97. Haina ushuru, na VAT yake ya kuingiza ni asilimia 5, si 20. Picha ya paundi 300 inalipiwa paundi 15 badala ya 60, bila kuhesabu nauli. Lakini sheria hiyohiyo haiwapi nafuu hiyo watu wa bidhaa za kiwandani zilizopambwa kwa mkono, wala vitu vya ufundi wa kawaida wa kibiashara. Kijana akichora twiga yuleyule mara hamsini, ofisa ana haki ya kuuliza hii ni sanaa au ni bidhaa. Na ofisa hasomi rangi, anasoma karatasi. Anataka kuona jina la mchoraji, jina la picha, mwaka, vipimo, aina ya rangi, bei halisi, maelezo yaliyosainiwa kwamba ni kazi moja iliyofanywa kwa mkono, na picha yake ya kamera. Ukurasa mmoja wa Kiingereza, basi. Neno "mapambo" lilinigharimu.

Kuna wanaoandika "zawadi". Jamani, nafuu ya VAT kwa zawadi inaishia paundi 39, tena zawadi ya kweli, si kitu kilichouzwa. Na ukiandika bei ya uongo, mzigo ukipotea utalipwa kwa bei hiyohiyo ya uongo. Wanaobeba kwenye begi nao wajue kuwa kitu cha kuuza hutangazwa uwanja wa ndege, hata kama kimefungwa ndani ya kanga. Kwa maonyesho, upo utaratibu wa kuingiza kazi kwa muda, hadi miaka miwili, bila kulipa kodi mpaka iuzwe. Taratibu zake ni ngumu kidogo, lakini kwa picha ishirini inafaa kumlipa wakala wa forodha.

Wa Makonde wana lao. Mpingo umo kwenye Jedwali la Pili la mkataba wa CITES tangu Januari 2017. Mwishoni mwa 2019 walilegeza, na vitu vilivyokamilika vyenye mti huo usiozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja havihitaji kibali. Nguzo ya ujamaa yenye watu kumi na watano waliobebana haina kilo kumi, nakuapia. Kibali kitafutwe kabla haijatoka nchini, si baada ya kukamatwa. (Na wewe uliyenunua, usiiweke karibu na hita. Mpingo unapasuka.)

Kufunga: toa fremu, toa kioo. Turubai ikunjwe kwenye bomba nene, rangi ikitazama nje, katikati kukiwa na karatasi isiyonata. Ile nailoni ya mapovu isiguse rangi, hasa rangi ya enameli, maana huacha alama. Hadibodi haikunjwi, ndiyo sababu wengi walihamia kitambaa.

Lakini hasara kubwa haikunipata forodhani, ilinipata kwenye kahawa. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Ningekuwa na ukurasa mmoja uliosainiwa, unaosema picha ni mali ya mchoraji mpaka zilipwe, leo ningekuwa na kitu cha kumwonyesha anayefilisi ule mgahawa. Ukurasa huo uandike pia bei ya kila picha, kamisheni (majumba mengi huku huchukua hadi nusu, msishtuke), nani analipia bima, pesa italipwa baada ya siku ngapi, na zisipouzwa zirudi lini, kwa nauli ya nani. Tena bei iwe moja. Ukiuza paundi 40 kwenye ukumbi wa sherehe wakati jumba la sanaa linauza 300, umemharibia kijana soko kwa mikono yako.

Na hizo sherehe zetu! Kila sikukuu ya Uhuru tunatundika picha karibu na choo cha ukumbi, mshereheshaji anatangaza "tumchangie kijana wetu". Mchoraji si yatima. Ukutani kuwe na jina lake, mwaka na bei, na mtu mmoja mwenye kitabu cha risiti akae pale usiku mzima. Ubalozi wetu pale Stratford Place nao tuuombe kitu kidogo kisichohitaji bajeti, fomu ya mfano ya maelezo ya kazi na ya mkataba, kwa Kiswahili na Kiingereza, ambayo mchoraji yeyote anaweza kuichapisha.

Kuna na haki nyingine ya kuijua. Tangu 2006 Uingereza inampa msanii asilimia ya bei picha yake inapouzwa tena na wafanyabiashara wa sanaa, asilimia 4 kwa ngazi ya chini, kuanzia bei ya kama paundi 1,000. Haki hiyo hapewi raia wa kila nchi, inategemea kama nchi yake nayo inatoa haki kama hiyo. Kenya iliiandika kwenye sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019, asilimia 5.

Upande wangu, nimekubaliana na kijana bei ya zile picha nne na namlipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Ile iliyochanika nimeibandika kwa nyuma, iko sebuleni kwangu. Mwezi uliopita alinitumia tatu mpya kwenye bomba, na karatasi zake zote. Zimekatwa asilimia 5. Kwenye maelezo, palipoandikwa jina la mchoraji, ameandika majina yake yote matatu, na la babu.