AFYA YA FAMILIA: Askari Wanapobomoa Nyumba



Mtu akizidiwa na homa, wengi wetu husema, "Kinga yake ni ndogo." Lakini je, mnajua kwamba wakati mwingine kinga yenyewe ndiyo inayomdhuru mgonjwa?

Virusi vinapoingia mwilini, chembechembe za kinga huitana kwa kutumia kemikali ziitwazo saitokini. Ni kama mbiu ya mgambo: ikilia, askari hukusanyika. Homa na maumivu ya viungo ni dalili kwamba mapigano yameanza. Adui akishindwa, mbiu hunyamaza. Kwa wagonjwa wachache, hata hivyo, mbiu hainyamazi. Askari huzidi kumiminika, mishipa midogo ya damu huvuja, na maji hujaa mapafuni. Ni kama majirani waliokuja kumfukuza mwizi wakaishia kubomoa nyumba.

Jambo hili lilionekana wazi katika UVIKO-19. Wengi waliozidiwa walianza na homa na kikohozi tu, kisha hali ikabadilika karibu na wiki ya pili. Juni 2020, watafiti wa Uingereza walitangaza matokeo ya kujaribu deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu inayotuliza kinga. Kati ya kila wagonjwa 100 waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, walikufa kama 41 bila dawa hiyo, na 29 walipoipata. Lakini wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni haikuwasaidia.

Hapa ndipo tunapotaka kuwaonya. Wapo wanaojinunulia dawa hii dukani kwa ajili ya mafua, au ili wanenepe. Tusifanye hivyo. Ugonjwa unapoanza tunawahitaji askari wetu. Kuwalaza usingizi ni kumfungulia adui mlango. Tena dawa hii huweza kupandisha sukari na shinikizo la damu. Ni daktari anayejua wakati wake.

Tufanye nini basi? Mgonjwa apumzike, anywe maji ya kutosha, na tuzidi kumwangalia hata wiki ya pili. Akipumua kwa shida, akichanganyikiwa, au midomo ikibadilika rangi, tusingoje kukuche. Tumpeleke hospitali usiku uleule.

Hadi mwezi ujao, tunawatakia afya njema.