Honi za Wakfu Zisikimbiliwe Kuuzwa

Katika misikiti mingi ya mwambao wetu, honi za mnarani zikianza kukwaruza wakati wa adhana, neno la kwanza linalosikika barazani ni moja: tuchange, tununue mpya. Hatuwalaumu wanaolisema, kwani adhana ni alama ya Uislamu na haipendezi iwafikie waumini ikiwa imepasuka. Lakini kabla ya kutangaza mchango baada ya sala ya Ijumaa, kamati inapaswa kujua kwanza: kilichokufa ni honi, au ni kiungo kimoja ndani yake?

Bakuli lile kubwa la chuma ni njia ya kupitishia sauti tu. Sauti yenyewe huzaliwa nyuma yake, ndani ya kopo lenye sumaku, ambamo hutetemeka kiwambo chembamba kilichogandishwa koili ya waya. Kiwambo hicho ndicho hufa. Hufa kwa chumvi ya upepo wa bahari inayopenya kwenye kifuniko kilicholegea, na hufa zaidi kwa mazoea yetu ya kufungua amplifaya mpaka mwisho, koili ikaungua. Fundi huchomoa waya na kupima kwa mita. Koili ya omu 8 iliyo hai husoma omu 6 hivi. Iliyokatika haisomi kitu. Honi ikiwa na transfoma ya laini ya volti 100, apime nyuma ya transfoma, asije akapima transfoma akadhani ndiyo koili. Kisha hufungua skrubu, husafisha mwanya wa sumaku kwa utepe wa gundi ili vumbi la chuma lisibaki, na kuweka kiwambo kipya cha kipimo kile kile.

Wako wanaoona kutengeneza ni kazi ya wasio nacho. Huko Uingereza, kampuni ya Peter Walker ilitoa mwaka 1957 spika za Quad za umemetuli, ambazo hazina koili bali ngozi nyembamba ya plastiki iliyowambwa kati ya bamba mbili zenye matundu na kutiwa umeme wa volti nyingi. Ngozi hizo huzeeka kwa vumbi na unyevu. Wenye nazo, ambao wengi wao hawashindwi kununua mpya, huzipeleka kwa mafundi zikawambwa upya, fremu ikabaki ile ile.

Hata hivyo, hoja yetu kubwa si fedha. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu mashuhuri cha madhehebu yetu ya Shafi, ametaja kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kujuzu kuuza mikeka ya msikiti ikichakaa, na boriti zake zikivunjika zikawa hazifai ila kuwa kuni. Tazama sharti lilivyo zito. Honi iliyokatika koili haijafikia hali hiyo, na kuipeleka kwa mnunuzi wa chuma chakavu ni kumkatia marehemu aliyeiweka wakfu sadaka yake ingali na uhai. (Honi iliyonunuliwa kwa fedha za msikiti bila kuwekwa wakfu ina hukumu nyepesi zaidi, kamati iangalie daftari lake.)

Msikitini kwetu honi nne zilishushwa wakati mchango wa kununua mpya umekwisha kukusanywa. Tatu zilihitaji viwambo tu. Ya nne sumaku yake ilikuwa imepasuka na kopo limeliwa na kutu, nayo tukaibadilisha bila kusita. Fedha zikabaki, na hapo ndipo penye mtihani kuliko ufundi: zilitolewa kwa ajili ya honi mpya, si kwa hiari ya kamati. Tulitangaza Ijumaa mbili mfululizo kila aliyetoa achague, arejeshewe au aridhie zitumike kwa nyaya za mnarani. Wengi waliridhia. Wawili walichukua zao, na ilikuwa haki yao.

Honi zikirudishwa juu, kifuniko cha nyuma kizibwe kwa mpira, mdomo uinamishwe kidogo ili maji ya mvua yasituame, na kwenye kitufe cha amplifaya itiwe alama ya rangi ambayo muadhini hataivuka.